LA SABA HAKOSI KAZI, ANAKOSA AJIRA! Jamaa wa Handeni na cheti cha binamu yake

Kuna jamaa mmoja pale Handeni, miaka thelathini na kitu, elimu yake darasa la saba. Ukimuuliza kama ameajiriwa anacheka tu. Asubuhi yuko kijiweni na bodaboda, mchana anafungua injini za pikipiki za washkaji chini ya mwembe, msimu wa machungwa ukifika anapakia kwenye Fuso. Kazi tatu, mkataba hata mmoja hana. Akiumwa wiki moja, nyumbani hakuna unga.

Dada yake yuko Korogwe, anaanika singa kwenye shamba la mkonge. Naye ni la saba. Zao hili liliingia nchini mwaka 1893, na mpaka leo kukata na kuanika hakuombewi cheti, panaangaliwa nguvu zako.

Ndiyo maana ukihesabu nani "anafanya kazi", hawa wawili wanahesabiwa. Mwenye digrii anaweza kukaa kwao akisubiri usaili. La saba asubiri nini, na nani atamlisha?

Sasa ikatoka nafasi ya udereva kwenye ofisi moja ya umma. Mshahara wa kila mwezi, bima ya afya, pensheni. Leseni anayo. Tatizo likawa cheti cha Form Four. Binamu yake aliyemaliza sekondari akamwambia, "Chukua changu bwana, nani atajua?"

Akampigia dada yake.

"Shikamoo dada. Nimepata mchongo."

"Marahaba mdogo wangu. Mchongo gani tena?"

Alipomaliza kueleza, dada akanyamaza kidogo. "Umesahau yale ya 2017?"

Mwaka huo Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki pale Dodoma, watumishi 9,932 wakakutwa na vyeti feki. Kazi zikaishia hapo. Panga likawapitia hata baadhi ya darasa la saba ambao hawakudanganya chochote, kwa sababu tangu Mei 2004 sharti la kuingia serikalini ni Form Four. Mwaka 2018 Serikali ikasema walioajiriwa kabla ya Mei 20, 2004 warudishwe. Huyu wetu wakati huo alikuwa bado yuko shule ya msingi, kwa hiyo mlango huo haumhusu.

Cheti akakirudisha kwa mwenyewe. Nafasi ikaenda kwa mwingine.

Sasa hivi anasoma QT usiku, ili baadaye afanye Form Four kama mtahiniwa wa kujitegemea. Daftari la Civics lina alama za grisi kila ukurasa. Pia kaambiwa VETA wanarasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mtaani, anafuatilia. Mkewe hapingi, ila kila mwisho wa wiki anauliza swali lilelile: hii elfu kumi ni ya madaftari au ya unga?

Haya wadau, mngekuwa nyie mngekirudisha kile cheti? Semeni ukweli, msijifanye watakatifu.