Friza Ina Bei Mbili

Birmingham, Uingereza

Dada yangu mpendwa,

Ulinishangaa siku ile kwenye simu nilipokwambia kwamba Waswahili tukikutana huku, tukishamaliza salamu na habari za misiba, tunahamia kwenye bili ya umeme. Ukasema, "Nyinyi mko Ulaya, umeme unawashughulisha nini?" Nimeona nikujibu kwa maandishi. Hesabu haziingii vizuri kwenye simu, na lile ombi lako la friza ya biashara ya barafu siwezi kulijibu bila kupitia hapa kwanza.

Tuanze na bei. Katika robo ya mwisho ya mwaka 2025, uniti moja ya umeme huku ilikuwa peni 26 na ushei, kwa bei ya ukomo inayopangwa na Ofgem, mamlaka inayosimamia nishati. Ukibadilisha ni shilingi 800 na kitu. Na uniti hiyo ni ileile ya mita yako ya LUKU: wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Umeme wetu ni voltu 230 kama wa kwako, na hata plagi ni ileile ya pini tatu. Kwa hiyo kila hesabu nitakayokuandikia unaweza kuifanya hapo Tanga kwa kubadilisha bei tu, isipokuwa sehemu moja ambayo nitaifikia.

Ila sisi tuna mzigo ambao nyinyi mmeshatuliwa. Unakumbuka ile tozo ya huduma ya shilingi 5,520 kwa mwezi iliyofutwa mwaka 2016? Ya kwetu ipo bado, na inakatwa kila siku: katika robo hiyo ilikuwa peni 53 na ushei kwa umeme peke yake, uwashe usiwashe. Kwa mwezi ni pauni 16. Mwenye mita ya kulipia kabla, ile inayojazwa kwa ufunguo kwenye duka la mtaani, akienda nyumbani kuzika na akazima kila kitu, salio likiisha mita inaendelea kumhesabia. Akirudi anakuta anadaiwa, na fedha ya kwanza anayoweka inakwenda kwenye deni kabla hajachemsha hata kikombe cha chai. Kwangu hii ni dhuluma kwa mtu wa kipato kidogo. Anayetumia uniti mbili kwa siku anatozwa sawa na anayetumia ishirini.

Sasa vyombo vyenyewe. Igeuze pasi yako uone kibandiko chake, utakuta namba kama 2400W. Watu wanaiogopa namba hiyo, na peke yake haisemi chochote kuhusu fedha. Wati ni kiasi bomba lilivyofunguliwa. Uniti ni ndoo zilizojaa. Bomba lililofunguliwa kwa nguvu dakika mbili linaweza kujaza maji machache kuliko linalodondoka mwaka mzima. Chukua wati, zidisha kwa saa ulizotumia, gawa kwa 1,000, umepata uniti. Zidisha kwa bei. Hakuna ufundi zaidi ya huo, na mtoto wako wa darasa la tano anaweza kukufanyia.

Birika la umeme la huku ni wati 3,000, kubwa kuliko pasi. Lakini lita moja ya maji linaichemsha kwa dakika mbili na kidogo, na linakula sehemu ya kumi tu ya uniti, kama peni mbili na nusu. Hasara iko kwa anayejaza birika zima kwa kikombe kimoja, maana yale maji mengine yanapoa bure.

Wengi wetu huku tunapanga nyumba moja watu kadhaa, kila mtu na chumba chake, jiko na bafu ni la wote, bili inagawanywa. Ugomvi mkubwa huwa ni taa ya korido: nani aliiacha usiku kucha? Taa za siku hizi ni wati 8. Ikiwaka saa kumi, ni peni mbili. Katika nyumba hiyohiyo kuna mtu anaoga dakika ishirini kwa hita ya bafuni ya wati 9,000, na hakuna anayemgusa, kwa sababu kuoga hakuonekani kama kuwasha kitu. Dakika ishirini hizo ni uniti tatu, karibu peni 80. Taa ya korido ingewaka usiku kucha kwa zaidi ya mwezi mzima ndipo ifikie bafu lake la siku moja. Nimeshuhudia watu waliokuwa marafiki wakisusiana kwa ajili ya taa, na roho inaniuma, kwa sababu karatasi moja na kalamu vingewapatanisha.

Ndiyo maana nasema, ukitaka kujua fedha inakokwenda, tafuta kinachotengeneza joto. Taa, feni, redio, chaji ya simu, vyote hivyo ni vya kuonewa tu. Hita ya chumbani ya wati 2,000 ikiwaka kuanzia magharibi hadi usiku mkubwa, kwa muda wa saa tano, ni uniti kumi: pauni 2.60 kwa jioni moja. Blanketi la umeme ni wati 100. Unaliwasha jumla ya saa mbili, kabla na baada ya kupanda kitandani, ni peni tano. Wazee wengi wa hapa wameshajifunza kupasha mwili badala ya kupasha chumba, na sisi tumejifunza kwao.

Kitu kinachowaumiza watu wetu hasa ni kukausha nguo. Wengi wetu, kama unavyojua, tunalea wazee kwenye makazi yao au tunakwenda nyumba kwa nyumba. Sare lazima ifuliwe, na kesho asubuhi iwe kavu. Hapa Januari hakuna jua la kuanikia. Nguo ukiitundika nje asubuhi unaitoa jioni ikiwa mbichi zaidi. Ukiitundika ndani, unyevu unaingia ukutani, ukungu mweusi unaota kwenye pembe za dari, na mtoto anaanza kukohoa. Basi mtu ananunua mashine ya kukaushia, ya mkono wa pili, kwa bei ya kutupa. Mashine ya zamani inakula kama uniti tano kwa mzigo mmoja, pauni 1.30. Mizigo miwili kwa wiki, mwaka ukiisha imekula zaidi ya pauni 130. Zile mpya zinazozungusha joto lilelile badala ya kulitupa zinakula kama uniti mbili, hivyo kwa mwaka zinaokoa karibu pauni 80. Lakini ni ghali dukani. Mwenye fedha ananunua ya ghali na kulipa kidogo kila wiki. Asiye nayo ananunua ya rahisi na kulipa maisha yote. Mimi nikiulizwa huwa nashauri mashine ndogo ya kunyonya unyevu, ya wati 250 hivi, iwekwe chumba kimoja kilichofungwa mlango pamoja na kamba ya nguo. Usiku mzima wa saa nane ni uniti mbili, nguo zinakauka, na ukuta unapona.

Nguo zenyewe ukizifua kwa maji ya nyuzi 30 badala ya 60, umeme unapungua sana, maana mashine ya kufulia nayo umeme wake mwingi ni wa kupasha maji. Kuzungusha ngoma ni kazi nyepesi.

Kuna na vile visivyolala. Wati moja tu ikiwaka mwaka mzima ni uniti karibu tisa, kama pauni 2.30. Kile kisanduku cha intaneti cha wati 10 kinachukua pauni 23 kwa mwaka, na hakuna anayekitazama. Hiki naona kina haki yake, maana ndicho kinachotuunganisha na nyinyi.

Sasa friji, na hapa ndipo wati zinapodanganya. Friji haiwaki muda wote. Kompresa inanguruma, inapumzika, inaamka tena, kwa hiyo ukizidisha wati zake kwa saa 24 utapata namba ya kutisha isiyo ya kweli. Kwa friji unatazama kibandiko kingine, cha rangi ya kijani hadi nyekundu, kinachotaja uniti kwa mwaka. Herufi zake zilibadilishwa Machi 2021, zikawa A hadi G, na vipimo vikakazwa. Friji iliyokuwa ikisifiwa kuwa A+ zamani leo inaweza kuangukia F. Kwa hiyo muuzaji akikutajia herufi, muulize ni ya kabla au ya baada.

Ile friza uliyoitaka nimekwenda kuiona. Ni ya Mtanzania mwenzetu anayehama, kubwa, ya mlango wa juu, safi kabisa, na bei yake ni rahisi. Nikaivuta kutoka ukutani nikasoma kibandiko: uniti 400 kwa mwaka, na pembeni herufi N peke yake. Herufi hiyo ndiyo iliyonisimamisha. Friji na friza hutengenezwa kwa daraja la hali ya hewa. N maana yake imeundwa kwa chumba cha nyuzi 16 hadi 32. Ya nchi za joto inaandikwa T, nayo inavumilia hadi nyuzi 43. Jiko lako, chini ya bati, Februari mchana, linapita 32 bila shida. Zile uniti 400 nazo, kwa vibandiko vya zamani, zilipimwa kwenye chumba cha nyuzi 25. Hapo Tanga kompresa haitapumzika inavyopumzika hapa. Kwa siku uniti 400 ni kama 1.1, mimi kwa tahadhari naiwekea 1.5. Kwa mwezi ni uniti 45.

Na hii ndiyo ile sehemu niliyosema hesabu ya kwako inaachana na ya kwangu. Kwangu uniti ya kwanza na ya mia zina bei moja. Kwako wewe, mteja mdogo, uniti 75 za kwanza ni shilingi 100 kila moja kabla ya kodi, na ukivuka hapo kila inayozidi ni 350. Ukizoea kuvuka, unahamishiwa kundi la shilingi 292 kwa uniti zote, kuanzia ya kwanza. Uliniambia unatumia kama uniti 60. Hizo ni shilingi 6,000. Ongeza 45 za friza, unafika 105, na kwa 292 ni shilingi 30,660. Tazama kilichotokea: friza haikuleta gharama ya umeme wake tu, imepandisha bei ya taa zako, pasi yako na friji yako ndogo. Gharama yake halisi ni shilingi 24,660 kwa mwezi, na ukiweka kodi ya ongezeko la thamani na tozo nyingine inavuka 30,000. Kwa barafu za ukwaju unazotaka kuuza kwa shilingi 100, barafu 300 za kwanza kila mwezi ni za umeme, kabla ya sukari, kabla ya ukwaju, kabla ya mfuko wako.

Simaanishi uache biashara. Shule ikiwa jirani na joto lilivyo, barafu 300 unaweza kuziuza kwa wiki moja na ukabaki na faida nzuri. Ila kwa hesabu hiyo sioni sababu ya kupakia hii kwenye kontena. Nauli yake nikiijumlisha na bei yake, naona ni bora nikutumie fedha ununue Dar es Salaam friza mpya, ndogo kidogo, yenye T kwenye kibandiko na uniti chache kwa mwaka. Uiweke upande wa nyumba usiopigwa na jua la mchana, mbali na jiko, na mgongo wake uachiwe nafasi ya kupumua. Ukifika dukani, kabla ya kuuliza bei, omba usome kibandiko. Muuzaji akikwambia "hii haili umeme," mwambie akuonyeshe namba.

Na ukipata nafasi, badala ya jiko la sahani ulilonalo, fikiria jungu la presha la umeme. Linatengeneza joto kama mengine, lakini limelifungia ndani. Nusu kilo ya maharage linaiivisha kwa chini ya nusu uniti. Hata kwenye kundi la bei ya juu, pamoja na kodi, hiyo haifiki shilingi 200. Linganisha na mkaa unaonunua.

Kabla sijatuma chochote, naomba unifanyie kazi moja. Friji yako ndogo ina miaka mingi, na nina wasiwasi ndiyo inayokula nusu ya uniti zako 60. Kata kipande cha karatasi, kibane kwenye mlango wake uufunge, kisha ukivute. Kikitoka bila kushikwa, mpira wa mlango umechoka, na baridi inavuja usiku na mchana. Halafu jioni moja baada ya isha, chomoa kila kitu, zima taa zote, uache friji peke yake. Soma uniti zilizobaki kwenye mita, uandike pamoja na saa. Asubuhi, kabla hujawasha kitu chochote, soma tena. Watoto wasiifungue usiku huo hata kwa maji ya kunywa. Nitumie namba zote mbili kwa WhatsApp, pamoja na picha ya kibandiko cha friji, nami jioni hiyohiyo nitakupigia tupange.

Msalimie shemeji na wote wanaoniulizia.

Ni mimi mdogo wako.