Tanuru ya mukate ku Tshangalele

Kwetu, ukitaja tanuru, watu wanafikiri wanaume. Wazee wa Basanga na Bayeke waliyeyusha shaba katika tanuru za udongo wa kichuguu. Wanawake na watoto waliokota mawe ya kijani juu ya ardhi, lakini moto haukuwa wao. Tena katika sehemu nyingi za Afrika ya kati myeyushaji alilala mbali na muke wake mpaka kazi iishe. Shauri hilo la moto na mapendo, sisi tulilikuta upya kwa ajili ya mukate.

Tuko wanawake watatu wa Likasi. Mama zetu walifundishwa kushona na kupika katika foyer za Union Minière, na unga wa nyumba ulihesabiwa kwa jina la baba. Sisi pia tuliitwa "muke ya fulani". Mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines walipoondoka kwa mpango wa hiari, mishahara ya mtaa ilipungua, nasi tukafanya likelemba, tukajenga tanuru. Udongo wa kichuguu tena! Unawasha kuni ndani mpaka paa iwe nyeupe, unatoa makaa, unapangusa kwa majani mabichi, unatupa farini kidogo chini. Ikiungua palepale, ngoja. Ikigeuka kahawia polepole, ingiza mukate.

Yaya wetu, mjane, alijua bila saa. Akinusa unga uliokandwa, anajua kama levire imefanya kazi. Mbele ya hapo hakuna aliyemwuliza anajua nini, hata yeye mwenyewe hakujiuliza.

Ndipo akaja mvuvi wa Tshangalele, lile ziwa lililozaliwa na bwawa la Mwadingusha juu ya Lufira, 1930. Alileta samaki, akarudi na mukate, mara moja kwa juma, kisha mara tatu. (Mtu peke yake anakula mikate mingapi? Tulicheka sana.) Yaya akaanza kufunga kitambaa kipya.

Siku ya kuongelea mali, mvuvi akasema:

"Mama, muke yangu hatauzisha mukate mu njia tena."

Tuliogopa, kwa kuwa bila mikono yake likelemba ingekufa, lakini tulinyamaza. Yaya alijibu mbele ya mujomba:

"Baba, miye na hii tanuru tuko moya."

Mujomba alikohoa. Mali haikuhesabiwa.

Miezi miwili samaki hawakuja. Yaya alikanda, usiku alilia kidogo, asubuhi alikanda tena. Kisha mvuvi akatokea na kinga, nyuma magunia mawili ya udongo wa kichuguu. Akauliza mlango wa tanuru uelekee wapi, maana upepo wa ziwa una nguvu.

Sasa tanuru ziko mbili. Ile ya Yaya inatazama vilima. Kila Jumamosi anatutumia mikate inayonuka samaki kidogo, nasi tunamtumia farini.