Mwaka Mzima kwa Mkupuo

Kila Desemba kazini tunaulizwa: bima ibaki ilivyo au tubadilishe? Wengi wetu tunabonyeza "ibaki" na kurudi kwa chai. Mwaka huu nilisita, kwa sababu ya mamangu.

Mama anauza viazi soko la Karatina. Enzi za NHIF alikuwa akilipa shilingi 500 kila mwezi. Tangu Oktoba 2024 ni SHA: asiye na mshahara anaulizwa paa, choo, mifugo, halafu anapangiwa mchango wa asilimia 2.75 ya kipato, usiopungua 300 kwa mwezi, ila unatakiwa wa mwaka mzima. Kwa mtu anayekula cha leo, hapo ndipo pagumu. Paa letu ni mabati mapya. Tuna ng'ombe mmoja, naye sasa hivi hakamuliwi.

"Nilipie ugonjwa sijapata?" husema. Lakini presha anayo, na dawa hazingoji msimu wa viazi.

Bima yangu haichukui wazazi. Nikapiga hesabu: nyongeza ya miwani ninayokatwa, na sivai miwani, inatosha mchango wake. Nikaiondoa.

"Mami, nitumie namba ya kitambulisho."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama ng'ombe naye ataandikwa.