Kuishi karibu na chuo si kusoma

Wazazi wengi wa mijini wana imani moja ambayo ni vigumu kuing'oa. Huamini kwamba mtoto akilelewa karibu na chuo kikuu, elimu itamwambukiza kama mafua. Dalali akikuonyesha nyumba ya kupanga Kahawa au Juja, hatakosa kukukumbusha kuwa chuo kiko hapo tu, hatua chache kutoka mlangoni.

Imani hiyo haiko kwetu pekee. Niliikuta Marekani pia, katika mji wa Evanston, ambako dada yangu mkubwa anaishi na kufanya kazi ya uuguzi.

Evanston ni mji wa watu wapatao 78,000, kando ya Ziwa Michigan, unaopakana na Chicago upande wa kaskazini. Jina lake linatokana na John Evans, mmoja wa waanzilishi wa Chuo Kikuu cha Northwestern kilichoundwa mwaka 1851. Kwa hivyo mji ndio mtoto wa chuo, wala si chuo mtoto wa mji. Hata shule ya upili ya umma ya hapo, Evanston Township, iliyoanzishwa mwaka 1883, imejipachika kwenye ukoo huo. Timu za chuo huitwa Wildcats, yaani paka-mwitu, nazo za shule huitwa Wildkits, vitoto vya paka hao.

Shule hiyo ni moja tu kwa mji mzima na sehemu ya mji jirani wa Skokie. Ina wanafunzi zaidi ya 3,000, wote wa kutwa, wa umri wa miaka 14 hadi 18. Hakuna mtihani wa kuingia. Sisi tuliozoea kuhesabu alama za KCPE hadi mtihani huo ulipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, jambo hilo hutushangaza. Ukiwa mkazi, mtoto wako ana haki ya kiti. Mtoto wa profesa na mtoto wa anayefagia ofisi ya profesa huingia kwa lango moja.

Lakini usidhani kwamba ni bure. Karo imo ndani ya kodi ya nyumba. Katika jimbo la Illinois, shule za umma hutegemea sana kodi ya ardhi na majengo inayotozwa wenyeji, na mwenye nyumba humtwika mpangaji mzigo huo. Ajabu ni kwamba chuo chenyewe, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1855, kilisamehewa kodi hiyo kwa mali yake ya kielimu. Muuguzi anayepanga vyumba viwili ana mkono wake katika mshahara wa mwalimu, ilhali jirani mkubwa mwenye ufuo wa ziwa hatozwi kama yeye.

Nilifika huko Septemba mwaka 2019 nikiwa na ujumbe wa familia. Mpwa wangu alikuwa na miaka 14 na ndiyo kwanza aanze shule hiyo. Mama yetu, aliye nyumbani Kenya, alitaka kijana arudishwe asomee bweni. "Huko hakuna kiboko, hakuna sare, hakuna kengele ya alfajiri," alilalamika. "Mtoto wa kiume hutengenezwa bweni." Fauka ya hayo, palikuwa na hesabu ya pesa. Kijana akirudi, dada angehamia mtaa wa bei nafuu, na akiba ingemalizia nyumba ya mama iliyokuwa imekwama kwenye linta.

Dada alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Ndugu yangu, mwambie mama kwamba nyumba yake ninaiwaza kila siku. Lakini huyu nikimwacha aondoke, nitamjua kwa simu tu."

Jioni moja tukaenda pamoja shuleni, siku ya wazazi. Mzazi hufuata ratiba ya mtoto, akikaa dakika chache katika kila darasa. Mle ndani nikaona wazazi wa kila rangi: aliyevaa tai, aliyevaa ovaroli, aliyetoka zamu kama dada yangu, bado na viatu vyeupe.

Hata hivyo lango moja si darasa moja. Kwa miaka mingi, shule kama hizi za miji ya vyuo zilikuwa na jeraha lisilofichika. Watoto wa wasomi, wengi wao Wazungu, walijaa katika madarasa ya juu, na watoto weusi wakajaa katika yale ya kawaida, chini ya paa lile lile. Mwaka 1999 wilaya ya shule ya Evanston iliungana na nyingine zenye tatizo hilo, zikiwemo za Ann Arbor, Madison na Chapel Hill, kuunda mtandao wa kutafuta dawa. Zingatia majina hayo, msomaji. Yote ni ya miji yenye vyuo vikuu vyenye sifa. Kama elimu ingekuwa mafua, watoto wote wa miji hiyo wangekwisha kuambukizwa zamani.

Desemba 2010, baada ya mabishano makali, bodi ya shule ya Evanston ilipiga kura kuondoa utengano huo katika masomo ya fasihi na historia ya mwaka wa kwanza. Wanafunzi wakaanza kuketi pamoja, na anayetaka sifa ya daraja la juu akawa anaitafuta kwa kazi yake ndani ya darasa hilo hilo. Wapo wazazi waliohofu kwamba watoto wao hodari wangevutwa nyuma, na hofu ya mzazi si ya kuchekwa. Lakini mpwa wangu, mgeni asiye na profesa nyumbani, alianza kwenye mstari mmoja na wenzake. Hilo dada aliliona kuwa na thamani kuliko jirani yeyote mwenye shahada.

Kilichomvutia kijana mwenyewe kilikuwa kingine. Tangu mwaka 2013 shule hiyo imekuwa na somo linalounganisha jiometri na ujenzi. Wanafunzi hujenga nyumba ya kweli pale shuleni, ikikamilika husafirishwa hadi kwenye kiwanja mjini, na hununuliwa na familia yenye kipato cha chini. "Mjomba," aliniambia, "pembe ukikosea, mlango haufungi." Nikajua hapo kwamba safari yangu ya kumrudisha imekwisha.

Dada akaongeza zamu za usiku, na nyumba ya mama ikangoja. Machi 2020 shule zote za Illinois zilifungwa kwa sababu ya korona, na kijana akasomea kwenye meza ya jikoni, mama yake akilala mchana chumba cha pili. Alimaliza mwaka 2023. Northwestern hakwenda, wala hakuomba. Alijiunga na chuo cha jamii, cha ada nafuu, kusomea usimamizi wa ujenzi.

Mama alipopata habari aliuliza, "Miaka minne mlangoni pa chuo kikuu, na hakuingia?" Dada alijibu kwamba aliingia alikotaka. Kijana naye akachukua simu, akamuuliza nyanya vipimo vya nyumba iliyokwama, chumba kwa chumba. Mama aliyataja yote bila kusitasita, kisha hakuuliza tena.

Basi mzazi mwenzangu, kabla ya kulipa kodi ya ziada ili mwanao aone majengo ya chuo kutoka dirishani, nenda kwanza kwenye shule atakayosomea. Uliza ni nani huketi na nani darasani. Uliza mtoto aliyeanza nyuma husaidiwaje kufika mbele. Uliza wanatengeneza nini kwa mikono yao. Ukishapata majibu, rudi nyumbani umuulize mwanao naye anataka nini, kwa maana atakayekwenda shule kila asubuhi ni yeye.