Spa ya Ulanzi pale Kalenga

Najua nimepotea. Wengine mmeniandikia mkidhani nimeacha kuandika, wengine mmeniuliza kama nimeoa. Hakuna hata kimoja. Ni kazi tu, ndugu zangu. Miezi minne mfululizo nimekuwa mtu wa kuamka na simu na kulala na simu, mpaka siku moja daktari akanifunga kile kitambaa cha kupimia presha mkononi, akatikisa kichwa, akaniuliza mara ya mwisho nilipumzika lini. Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Vidole vikaisha.

Basi nikaomba likizo ya siku saba. Mhariri wangu akanipa, lakini mnawajua wahariri, hawatoi kitu bure. Akasema sawa, kapumzike, ila usirudi mikono mitupu, niletee makala ya safari. Tena alikuwa na wazo lake tayari. Alisoma mahali kwamba Wazungu siku hizi wanaoga bia.

Nilidhani ananitania. Kumbe kweli. Kule Ucheki, nchi ambayo watu wake wanaongoza duniani kwa kunywa bia, kuna kiwanda kinaitwa Chodovar katika mji mdogo wa Chodová Planá. Mwaka 2006 walifungua spa ya bia. Unaingia kwenye beseni kubwa la maji ya uvuguvugu yaliyochanganywa na bia, hamira na maua ya hopsi, yale yanayoipa bia uchungu wake. Unalowa humo kama dakika 20, glasi yako ya kunywa iko pembeni, halafu unafunikwa blanketi na kulazwa chali kwenye chumba chenye mwanga hafifu. Wanasema ngozi inakuwa laini na mawazo yanaondoka. Baadaye na Prague nako zikafunguliwa, na nyingine wanakulaza juu ya kitanda cha nyasi kavu. Watalii wanapanga foleni.

Mhariri akasema, nitafutie ya kwetu.

Nikacheka peke yangu kwenye daladala njia nzima. Ya kwetu wapi? Bia ya kunywa tu bei yake inatutoa jasho, sasa uniambie niimimine kwenye beseni nioge? Lakini nilipofika nyumbani swali likabaki kichwani. Ukiondoa beseni, kinachouzwa pale ni nini? Ni saa moja ambayo hakuna mtu anayekudai kitu, na kinywaji kiko karibu. Hiyo mbona sisi tunayo siku nyingi. Kwetu Nyanda za Juu Kusini, mvua zikishika, ina jina. Inaitwa ulanzi.

Kwa wasioujua: ulanzi ni pombe ya mwanzi. Mgema anakata ncha ya chipukizi changa la mlanzi, utomvu unadondoka tone kwa tone ndani ya mbeta, chombo kinachotengenezwa kwa kipande cha mwanzi huohuo. Asubuhi anapita kukinga na kukata tena kipande chembamba ili kidonda kiwe kipya, jioni anapita tena. Hakuna kupika, hakuna kutia hamira. Chachu inatoka hewani na kwenye mbeta yenyewe. Wa leo ni mtamu, mtoto anaweza kunywa kama juisi. Wa kesho unaanza kuuma ulimi. Ukiuacha zaidi ya hapo unakuwa mkangafu, na mkangafu hauna utani. Na kama chipukizi ndizo zinazotoa, basi hakuna mvua hakuna ulanzi. Kiwanda hiki kinafunguliwa na mawingu.

Nikapanda basi la Iringa alfajiri. Mikumi, Ruaha Mbuyuni, mlima Kitonga tukipanda nyuma ya malori kwa mwendo wa konokono, baridi ikaanza kuingia dirishani, nikajua nimefika kwetu. Nililala kwa mama, Kihesa. Asubuhi akaniuliza naenda wapi.

"Kalenga, mama."

"Kuangalia fuvu?"

"Ndiyo."

Nilimdanganya mama yangu mzazi, mtu mzima nina ndevu. Sababu ni kwamba neno ulanzi nyumbani kwetu halitajwi. Nitawaeleza mbele.

Ili nisiwe mwongo kabisa, nilianzia makumbusho. Kalenga iko kama kilomita 15 kutoka Iringa mjini, pembeni ya njia ya kwenda Hifadhi ya Ruaha. Hapa ndipo palipokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa, yule aliyewapiga Wajerumani pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 na kumuua kamanda wao Zelewski. Walirudi kulipa kisasi, na tarehe 30 Oktoba 1894 wakaivunja Kalenga kwa mizinga. Mkwawa akapigana msituni miaka mingine karibu minne, na mwaka 1898 akajipiga risasi kuliko kukamatwa. Kichwa chake kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 ukaamuru kirudishwe, lakini kilirudi mwaka 1954 tu, kikiletwa na Gavana Twining. Nikasimama mbele ya kile kioo nikapiga hesabu: miaka 56 tangu afe mpaka apumzike kwao. Na mimi nalalamika miezi minne.

Nikatoka nje nikauliza wapi watu wanakaa jioni. Kijana wa bodaboda akanielewa bila maelezo marefu.

Kilabu chenyewe msitegemee maajabu. Ni banda la mabati, limezungukwa na miti, viti ni magogo na benchi mbili zilizolegea. Matope mpaka mlangoni. Ilikuwa inakaribia saa kumi, wanaume wanatoka mashambani mmoja mmoja, jembe begani, wanaegemeza jembe ukutani kama watu wa mjini wanavyotundika koti. Wanawake wapo pia, wachache, wamekaa upande wao.

Mama muuzaji akaja kunisalimia. Kwa umri anaweza kuwa mdogo wa mama yangu. "Kamwene, baba." Nikaitikia, "Kamwene, mama." Akaleta ulanzi kwenye kopo la plastiki la lita moja, akapiga magoti kwenye matope yale, akaonja yeye kwanza nione kwamba ni salama, ndipo akanikabidhi kwa mikono miwili. Mimi nilikaa. Sikujua niinuke au nifanye nini, nikapokea.

Ni mweupe kama maji yaliyooshewa mchele, una povu dogo juu, mtamu mwanzoni halafu uchachu unakuja nyuma. Nilikuwa na miaka 30 na kitu na hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuunywa.

Na nisiwafiche, nilipumzika. Mtandao wa simu ulikuwa unakuja na kuondoka, nikaizima. Kopo likizunguka mkononi kwangu, mzee wa kulia anakunywa, ananirudishia, wala haniulizi mimi nani na nafanya kazi wapi. Wanaongea kuhusu mahindi, ng'ombe wa jirani aliyeingia shambani, binti wa fulani anayeolewa Njombe. Mvua ikaanza kunyesha juu ya mabati mpaka tukashindwa kusikilizana, tukanyamaza wote, tukawa tunaangalia maji yanavyotiririka tu. Nadhani ilipita nusu saa. Mabega yangu, ambayo tangu Januari yalikuwa yamepanda mpaka masikioni, yakashuka yenyewe. Nikajisemea, Wacheki wana beseni, sisi tuna bati na mvua. Kichwa cha habari kikawa tayari.

Hapo ndipo baba akanijia.

Baba yangu alikuwa karani. Msimu wa ulanzi alikuwa akitoka kazini hapiti nyumbani. Hakuwa mtu wa fujo, hakuwahi kumpiga mama wala sisi, naomba hilo lieleweke. Alikuwa anakaa tu kilabuni mpaka giza, na mshahara unakaa naye hukohuko. Mimi ndiye niliyekuwa natumwa kumfuata. Miaka tisa, kumi, natembea gizani kwenye matope, nafika mlangoni, nasimama. Wanaume wote wananigeukia. Baba anasema, "Nakuja, nimalizie." Nasimama nasubiri amalizie. Nilichukia harufu ile. Nilichukia kicheko chake, maana nyumbani hatukuwa tunakisikia. Alipofariki mwaka 2009 nililia, lakini kile kisirani cha mlangoni sikukizika naye.

Sasa niko ndani, kwenye gogo, kopo mkononi, na kwa mara ya kwanza nikaelewa alikuwa anafuata nini. Alikuwa mtu aliyechoka. Angekuwa Ucheki wangemfunika blanketi.

Nikamuonea huruma baba yangu, nikamsamehe palepale, na machozi yakawa karibu. Ingekuwa makala nzuri ikiishia hapo. Lakini mama muuzaji akapita mbele yangu na ndoo ya maji kichwani, wa mara ya nne au ya tano tangu nikae, mvua inamnyeshea, na nikakumbuka kwamba tangu nifike sijamwona akikaa.

Alipokuja kuchukua kopo nikamuuliza siku yake inakwendaje. Alfajiri anawafuata wagema kuchukua mzigo, maana asipowahi wenzake wanauchukua. Anabeba madumu. Anauchuja wadudu na takataka. Anaosha makopo. Anapika kwa watoto, anakwenda shamba lake, saa tisa anafungua. Usiku akifunga anahesabu hela, na hela hiyo ndiyo sare za shule na madaftari. Alisema bila kulalamika. Hata alinitania kwamba asiniambie ulanzi wake mzuri sana, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

"Sasa mama, wewe unapumzika saa ngapi?"

Akacheka. "Mimi? Nikilala." Akafikiri kidogo, akaongeza, "Na nikiumwa."

Kisha akaitwa upande wa pili, akaenda kupiga magoti huko.

Jamani, siandiki haya kuwasema wanaume wa Kalenga. Wale wazee walikuwa wamelima tangu alfajiri, na ulanzi huohuo ndio unaomsomeshea yule mama watoto. Wala siji na ile hotuba ya kila msimu kwamba pombe za kienyeji zipigwe marufuku. Ninachosema ni kwamba nilikaa pale saa mbili nikijiona nimegundua siri ya kupumzika, na muda wote huo mapumziko yangu yalikuwa yanabebwa kichwani na mtu mwingine kwenye matope. Na yule wa Chodová Planá anayejaza beseni na kulisugua mteja akiondoka, naye sijamsikia kwenye makala yoyote.

Nilirudi Kihesa usiku. Mama alikuwa jikoni. Hakugeuka.

"Fuvu siku hizi linanuka ulanzi?"

Nikakaa kwenye kigoda, nikamwambia yote. Kilabu, mvua, baba. Nikamwambia nadhani sasa namwelewa. Akaendelea kuchambua mboga. Nikaona nimemuudhi. Mwisho nikamuuliza swali lilelile nililomuuliza yule mama wa Kalenga: wakati ule, na sisi watano ndani, na vitumbua vya kuuza asubuhi, yeye alikuwa anapumzika lini?

Akanyamaza muda mrefu.

"Nikikutuma kwa baba yako," akasema. "Wadogo zako wamelala, wewe haupo, baba haupo. Ile nusu saa nilikuwa nakaa hapohapo ulipokaa. Sifanyi kitu. Wakati mwingine nilikuwa naomba akucheleweshe."

Miaka yote hiyo nilidhani natumwa kumwokoa baba. Sikuwa na la kusema. Nikachukua kisu nikaanza kuchambua naye, vibaya, mpaka akaninyang'anya akicheka.

Siku nne zilizobaki sikwenda popote. Nilijaribu kumkalisha mama chini. Nilichota maji, nilipika wali ukaungua, nilifua. Kila nikigeuka yuko mlangoni ananiangalia, mikono inamwasha, anauliza kama nimeweka chumvi. Siku ya tatu nilimkuta amekaa kwenye kigoda chake uani, jua la saa nne linampiga miguuni, amefumba macho. Sikumsemesha. Nilipita kimyakimya na ndoo yangu.

Makala ya mhariri nimeipeleka. Kaipenda, ila kakata sehemu ya mama muuzaji, kasema inawaharibia wasomaji hamu ya safari. Ndiyo maana nimeiweka hapa kwenu yote.

Nenda Kalenga, msomaji wangu. Nenda wakati wa mvua, kaone makumbusho, kaa kwenye gogo, kunywa ulanzi, pumzika. Ila mama akija na kopo mpishe na yeye akae kidogo. Mimi sikumpisha. Na ukiwa na muda niambie: kwenu, wakati wewe umepumzika, nani alikuwa amesimama?

Tutaonana. Safari hii sitapotea miezi minne.