Filimbi Ilipolia Ivuna

Ndugu msomaji, leo nataka kukusimulia aibu yangu, kwa kuwa aibu isiyosemwa huota mizizi.

Nilikuwa Ivuna, katika bonde la Ziwa Rukwa, nyumbani kwa wazazi wangu, nilikokwenda kumzika baba mdogo. Yapata saa nane za usiku filimbi ililia, ikafuatiwa na yowe. Wezi wa ng'ombe walikuwa wamevunja zizi la jirani. Baba yangu, mzee aliyekwisha kupita miaka 70, aliamka, akachukua fimbo na kurunzi, akatoka. Mimi mwanawe, mwenye umri wa miaka 34, mwenye stashahada ya uandishi wa habari na kitambulisho cha kazi mfukoni, nilibaki kitandani nikisikiliza. Nilijipa moyo kwamba nimebaki kumlinda mama. Nilipowasha taa nikaona kuwa mama naye hayumo ndani. Alikwisha kutoka zamani na mchi wake mkononi.

Asubuhi hakuna aliyenisema. Baba alinimiminia chai, kisha akaniuliza kwa upole basi la kurudi Tunduma linaondoka saa ngapi. Ndugu msomaji, heri angenitukana.

Huenda umepata kulisikia jina la Ivuna. Watu wake wanajulikana kwa chumvi, ambayo wataalamu wa mambo ya kale waliochimba huko walionyesha kuwa ilikuwa ikichemshwa karne nyingi kabla ya kuja kwa wakoloni. Wanasayansi nao wanalijua jina hilo kwa sababu ya kimondo kilichoanguka huko tarehe 16 Desemba 1938, jiwe la gramu 705 tu, lakini la aina adimu mno duniani. Kwangu mimi, Ivuna ni mahali nilipojifunza kwamba elimu yangu ilikuwa imesahau somo moja.

Somo hilo baba yangu alilipata ujanani. Utakumbuka kuwa Novemba 1970 wavamizi walioongozwa na Wareno waliishambulia Conakry, mji mkuu wa Guinea, na kwamba Januari 1971 Idi Amin alinyakua serikali ya Uganda. Mwezi uliofuata TANU ilitoa Mwongozo wake, uliotamka kwamba ulinzi wa nchi ni kazi ya umma mzima, wala si ya jeshi peke yake. Mgambo wakaanza kufundishwa vijijini na viwandani. Amin alipoivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, maelfu ya mgambo waliungana na Jeshi la Wananchi. Wakulima, makarani na wafanyakazi wa viwandani waliacha kazi zao. Baba naye aliliacha jembe. Alibeba masanduku ya risasi, akatembea sehemu kubwa ya njia kwa miguu, na Aprili 1979 Kampala ilipotekwa alikuwa hai. Alirudi, akalishika jembe lile lile. Katika maisha yangu yote sikupata kumsikia akiisimulia vita hiyo zaidi ya dakika tano.

Nilipopata habari kwamba mafunzo ya Jeshi la Akiba yangefanyika katani, niliomba likizo bila malipo. Mhariri wangu alicheka kwanza, kisha akatia saini. Shida ilikuwa nyumbani.

"Baba watoto," mke wangu aliniambia, "kodi ya nyumba nitailipa na ada ya watoto nitaihangaikia. Lakini niambie, unataka kuwa mmoja wa wale waliopiga teke beseni la mama yangu?"

Sikuwa na jibu. Mama mkwe wangu huuza dagaa. Miaka michache iliyopita, katika mji ambao sitautaja, mgambo waliokuwa wakiwafukuza wachuuzi walilipiga teke beseni lake, dagaa wakamwagika mtaroni, naye akarudi nyumbani akilia kama mtoto. Mimi mwenyewe niliandika habari ile. Kwa wakazi wengi wa mijini, neno mgambo halikumbushi tena Kagera; linakumbusha beseni lililomwagika. Nilimwambia mke wangu kwamba kama watu wenye uchungu na jambo lile watakaa mbali, sare itabaki kwa wasio na uchungu. Alinitazama kwa muda mrefu. "Maneno ni kazi yako," akasema, "tutaona matendo." Hata hivyo alinifungia begi.

Basi nikawa kuruta. Mkufunzi wetu alikuwa koplo kijana ambaye ningeweza kumwita mdogo wangu, nami nilipaswa kumwita afande. Siku ya kwanza ya mchakamchaka, wavuvi na wachemsha chumvi walinipita kama basi linavyompita mtembea kwa miguu, nami nikaanguka kando ya njia nikitapika. "Mwandishi," alisema afande akiwa amesimama juu yangu, "hapa habari haiandikwi, inakimbiwa." Kikosi kizima kilirudishwa nyuma kwa ajili yangu, kikaanza upya. Nilidhani watanichukia. Kumbe jioni kijana mmoja wa darasa la saba aliniletea maji ya moto ya kukanda miguu.

Tulijifunza kwata kwa bunduki za mbao, kisha kulenga shabaha kwa bunduki za kweli. Tulijifunza kusoma ramani, ujanja wa porini na huduma ya kwanza. Polisi walikuja kutufundisha sheria, na maofisa wa Uhamiaji wakatueleza mambo ya mpakani. Nilikuwa na kiburi cha kujua ramani, lakini yule kijana wa darasa la saba aliijua njia gizani kwa harufu ya magadi na kwa mteremko wa ardhi chini ya nyayo zake. Mimi nilimfundisha kusoma namba za ramani, naye akanifundisha kutembea. Nadhani nilipata faida kubwa kuliko yeye.

Afande alilirudia somo moja kila siku mpaka tukalichoka: mgambo hana mamlaka ya kumwadhibu mtu. Kazi yake ni kumkamata mtuhumiwa, kumlinda na kumfikisha panapohusika. Neno hilo "kumlinda" nililiandika daftarini bila kulitilia maanani.

Katika wiki ya kumi na moja filimbi ililia tena usiku. Safari hii nilitoka, tena mbio, viatu bila kamba. Kijana mgeni alikuwa amekutwa karibu na zizi, mkononi ana kamba. Watu wapatao hamsini walikwisha kumzunguka, na mmoja alikuwa akiita aletewe petroli. Tulikuwa makuruta watatu tu. Tukakumbuka somo, tukapenya, tukasimama tumempa mgongo yule kijana na kuwatazama watu. Ndugu msomaji, magoti yangu yalikuwa yakigongana. Walionitazama hawakuwa maadui. Walikuwa shangazi zangu, binamu zangu, watu waliomzika baba mdogo pamoja nami.

"Toka hapo, mtu wa mjini!" binamu yangu alipiga kelele. "Ng'ombe wetu wakiibwa wewe hulala!"

Lilikuwa neno la kweli, nalo lilinichoma. Sikusogea, lakini sikuwa na la kujibu. Ndipo nilipomwona baba akitoka katikati ya watu, fimbo mkononi. Nilidhani amekuja kuniondoa. Alifika mbele yangu, akageuka, akasimama ubavuni mwangu.

"Kule Uganda," alisema bila kupaza sauti, "tulikuwa na bunduki na njaa, na wenzetu walikwisha kuuawa. Hata hivyo tuliambiwa, aliyeinua mikono hapigwi. Leo sisi wenye fimbo tunadai nini zaidi?"

Hakusema neno jingine. Aliyekuwa akiita petroli alinyamaza. Tulimpeleka yule kijana polisi kabla ya mapambazuko, akiwa na jeraha moja kichwani ambalo tulilifunga kwa shati la mwenzetu. Sikuelezi kama alikuwa na hatia au hakuwa nayo, kwa kuwa usiku ule sisi hatukujua, na kutojua huko ndiko kulikotulazimu kusimama pale.

Siku ya kufunga mafunzo mke wangu alikuja pamoja na mama yake. Baada ya gwaride niliwaendea nikiwa katika sare. Mama mkwe alinitazama kuanzia kofia hadi viatu.

"Sare ni ile ile, mwanangu," akasema. "Sasa tutamwangalia mtu."

Kisha akanipa mfuko wa dagaa.

Nimekwisha kurudi kazini, na kalamu ninayoitumia ni ile ya zamani. Sikuandiki haya ili kila fundi, mwalimu au karani aombe likizo akacheze kwata; wapo wagonjwa, wapo wenye watoto wachanga, na wapo wanaoilinda nchi hii vizuri zaidi kwa ubao na chaki. Nakuomba jambo moja tu. Usiku wa leo, kabla ya kulala, jiulize filimbi ikilia mtaani kwenu nani atatoka. Ukikuta kwamba katika hesabu yako watoka ni wazee na akina mama peke yao, basi, ndugu yangu, aibu niliyokusimulia si yangu pekee.