Mume Wangu Alinipigia Mara 14, Mimi Niko Porini Natafuta Mtandao

Kuna dada mmoja ambaye wanandoa wengi hawampendi ingawa hawajawahi kumwona. Ni yule wa kwenye simu: namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Dada huyu amevunja uchumba wa watu, amewanunisha wengine wiki nzima, na wapo aliowafanya waanze kupekua simu za wenzao usiku wa manane. Mimi nusura anivunjie ndoa. Na kichekesho ni kwamba kazi yangu, inayoniweka mjini, ni kuhakikisha sauti yake haisikiki.

Mimi ni mhandisi wa kupanga mitandao ya simu. Nikijitambulisha hivyo kwenye kicheni pati, swali huwa ni lile lile: "Yaani wewe unapanda minara?" Hapana shosti, wanaopanda ni mafundi. Kazi yangu inaanza kabla mnara haujakuwepo. Nakaa na ramani, nahesabu watu, naangalia milima na mabonde, halafu nasema mnara ukae wapi, uwe na urefu gani, antena zielekee wapi na ziiname kiasi gani. Baadaye natoka na gari kwenda kupima kama kilichoonekana kwenye kompyuta ndicho kilichoko barabarani.

Wazo lenyewe ni la zamani. Desemba 1947, mhandisi Douglas Ring wa Bell Labs kule Marekani aliandika waraka kuhusu simu za kwenye magari. Alieleza kwamba eneo kubwa ligawanywe katika vipande vidogo vya pembe sita, kama sega la nyuki, na kila kipande kiwe na redio yake yenye nguvu ndogo. Vipande hivyo ndivyo tunavyoviita seli. Sababu ni kwamba masafa ya redio ni machache. Seli zikiwa ndogo, masafa uliyoyatumia Tabata unaweza kuyatumia tena Mbagala. Kwa mtandao wa 2G kuna sharti: seli zinazopakana zisitumie masafa yale yale. Zikifanya hivyo ni kama majirani wawili wenye harusi siku moja, kila mmoja kafungulia spika zake. Hakuna anayesikia kitu.

Kazi hii naipenda, sitaki kuwadanganya. Tatizo ni saa zake.

Mume wangu, Baba Imani, ni mhasibu. Saa 11 jioni ameshafunga ofisi. Mimi Jumatatu niko Dar, Jumatano Morogoro, Ijumaa nimelala Songea, ndani ya gari moja na dereva na mafundi wawili, wote wanaume. Mawifi hawakukosa la kusema. "Kaka, huyo mkeo kila siku hapatikani. Hiyo ni netiweki au ni mtu?" Mume wangu alikuwa anacheka tu. Nami nikaamini anacheka kweli.

USIKU WA MATOMBO

Ilikuwa Novemba 2018, Imani akiwa na miaka miwili. Tulitumwa kutafuta eneo la kujenga mnara ng'ambo ya Matombo, kwenye milima ya Uluguru. Mawimbi ya redio husafiri vizuri kwenye tambarare, lakini mlima kwao ni ukuta. Unaweza kuwa kilomita tano tu kutoka kwenye mnara, ukashuka bondeni, simu ikafa kabisa. Ndiyo sababu tulipelekwa kule.

Mvua ikanyesha, gari likanasa kwenye tope, giza likaingia. Tukalala kijijini kwa mwenyekiti. Simu yangu haina hata mstari mmoja. Nikajisemea, si kitu, kesho nitampigia.

Asubuhi saa 12 na nusu tukapanda kilimani kuangalia eneo. Tulipofika juu, simu ikaanza kutetemeka mfukoni kama imepagawa. Taarifa za simu 14, zote za mume wangu. Halafu zikafuata meseji.

"Imani ana homa. Dawa iko wapi?"

"Kadi ya kliniki umeiweka wapi?"

"Anatetemeka. Macho yamegeuka. Nipigie."

"Mama Salome amekuja. Tunaenda hospitali."

Ya mwisho aliituma saa 9 usiku. Ilikuwa na neno moja tu: "Basi."

Jamani, nilikaa chini kwenye majani yenye umande. Vidole vilikataa kubonyeza. Dereva wetu, mzee wa makamo, akanichukulia simu mkononi akapiga yeye. Mtoto yuko hai. Ilikuwa degedege, homa imepanda kwa malaria, na sasa ameshapewa dawa, amelala. Aliyeokoa jahazi ni Mama Salome, jirani yetu wa nyumba ya pili. Ndiye aliyemlaza mtoto kwa ubavu, akamlegeza nguo, akamzuia Baba Imani asimtie kijiko mdomoni, kisha akaita bajaji.

"HATA UKIWA SEBULENI HUPATIKANI"

Nilirudi nyumbani nikiwa nimejiandaa kwa vita. Nilijua ataanza na wale wanaume wa kwenye gari. Hakuanza. Siku mbili nzima alikuwa kimya, mtoto kalala kifuani kwake. Siku ya tatu ndipo akafungua mdomo.

"Mama Imani, kule milimani najua hakuna netiweki. Nilikuoa najua kazi yako. Ila nikwambie ukweli, hata ukiwa hapa sebuleni hupatikani."

Nikapanda hasira. Nikamhesabia. Mwezi ule nilikuwa nimelala nyumbani siku 19. Siku 19 kati ya 30! Ni wanaume wangapi wa mji huu wanazifikisha? Akaniangalia, akasema, "Ni nyingi, sawa," akaenda kumwogesha mtoto.

Jumatatu ofisini nikakuta malalamiko mezani. Wateja wa eneo moja la soko hapa Dar walikuwa wanasema simu zao zinaonyesha mistari yote ya netiweki, lakini jioni wakipiga haziendi. Bosi alikuwa ameandika pembeni kwamba hesabu ya siku nzima inaonyesha seli ile haitumiki hata nusu, kwa hiyo tatizo ni nini?

Jibu nililijua hata kabla sijawasha kompyuta. Ngoja nikueleze, kwa sababu ndilo lililoniponya.

Ile mistari kwenye simu yako inakwambia jambo moja tu, kwamba mnara unasikika. Haikwambii kama mnara una nafasi ya kukupokea. Kifaa kimoja cha redio cha 2G kina nafasi 8. Kwa kawaida moja inatumika kwa ishara za mtandao wenyewe, zinabaki 7 za maongezi. Watu 7 wakishaanza kuongea, wa nane ataona mistari imejaa, lakini akipiga anarudishwa.

Sasa utauliza, seli ya nafasi 7 inahudumiaje mtaa mzima? Hesabu hiyo tunaidai kwa Mdenishi mmoja, Agner Krarup Erlang, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen. Mwaka 1917 alichapisha kanuni ambayo wapangaji wa mitandao tunaitumia hadi leo. Watu hawapigi wote kwa pamoja. Kama kila mteja anaongea wastani wa sekunde 90 ndani ya saa moja, nafasi 7 zinatosha wateja wapatao 117, na katika kila simu 100 ni 2 tu zitakazokosa nafasi. (Bwana Erlang mwenyewe alifariki mwaka 1929 bila kuoa, na inasemekana alikuwa akifanya kazi hadi usiku. Mume wangu alipoambiwa hilo hakushangaa.)

Lakini ni saa ipi hiyo? Siyo saa yoyote. Tunapanga kwa saa ya msongamano, ile moja ambayo watu wengi zaidi wanapiga kuliko saa nyingine zote. Wastani wa siku hauna maana. Saa 9 usiku seli iko tupu kabisa, lakini utupu huo haumsaidii chochote mama anayetafuta bei ya nyanya saa 1 jioni.

Nilikuwa namwandikia bosi maelezo hayo hayo. Nilipofika kwenye "wastani wa siku hauna maana" nikaacha kuandika.

Siku zangu 19 zilikuwa wastani.

Nyumbani kwetu saa ya msongamano ni saa 1 jioni hadi saa 3 usiku. Mtoto anaogeshwa, chakula kiko jikoni, Imani anataka kubebwa, Baba Imani ana habari za kazini kwake anataka kuzitoa. Na saa hizo hizo nchi nzima inapigiana simu, taarifa za seli zilizojaa zinamiminika kwenye laptopu yangu. Nilikuwa nimekaa kwenye kochi, mistari yote imejaa, nafasi hakuna. Kila aliyenipigia alikuwa wa nane.

TULIVYOPANGA UPYA

Usiku ule nilimweleza mume wangu yote haya kwa karatasi na kalamu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha naye akatoa lake. "Zile simu tatu za mwanzo nilikupigia kwa wivu," akasema. "Homa ilikuwa haijaanza. Zile 11 zilizofuata nilipiga kwa hofu." Tulikaa kimya muda mrefu. Ilikuwa mara ya kwanza ananiambia kwamba maneno ya dada zake yalikuwa yanamwingia.

Tukakubaliana mambo matatu.

La kwanza, zile simu 2 kati ya 100. Hakuna mpangaji wa mtandao anayeahidi sifuri, maana gharama yake haibebeki. Anachofanya ni kukubaliana mapema ni kiasi gani cha kukosa kinavumilika. Nikamwambia siwezi kuapa kwamba sitapotea tena. Tukapanga safari za kulala nje zisizidi mbili kwa mwezi. Hilo lilinigharimu. Mwaka 2019 niliitwa niwe msimamizi wa kanda, kazi ya kuwa barabarani muda wote, nikaikataa. Iliniuma, na nikimwona aliyeichukua bado inaniuma kidogo. Sitakupamba maneno hapo.

La pili, saa ya msongamano ni ya nyumbani. Saa 1 hadi saa 3 laptopu inafungwa. Nilipanga zamu na mwenzangu ofisini: yeye anapokea taarifa za saa hizo, mimi naanza saa 3 mpaka usiku mkubwa. Wala bosi hakugomba. Kumbe nilikuwa sijawahi kuuliza.

La tatu ni makabidhiano. Ukiwa kwenye basi unaongea na simu, unahama seli moja kwenda nyingine bila kujua. Simu yako inapima seli za jirani zilizo kwenye orodha iliyopewa, na mtandao unaandaa nafasi kule unakokwenda kabla hujaambiwa uhame. Mpangaji akisahau kuandika jirani mmoja kwenye orodha, maongezi yanakatika katikati ya sentensi. Ndicho nilichomfanyia mume wangu. Niliondoka bila kukabidhi. Hakujua dawa ya homa iko kabati gani, hakujua kadi ya kliniki iko wapi. Hakuwa baba mzembe. Mimi ndiye niliyeshika kila kitu, nikijiona mke hodari.

Siku hizi orodha ya majirani iko kwenye mlango wa friji: Mama Salome, kijana wa bajaji, hospitali, dereva wangu. Kabla ya safari namwachia ramani, saa ngapi naingia mahali pasipo na mtandao na saa ngapi natarajia kutoka. Na yule dereva nilimkaribisha nyumbani, akala pilau, akamsimulia Baba Imani jinsi nilivyokaa kwenye umande asubuhi ile. Mawifi sasa wanamwulizia hali yake.

Hatujawa malaika. Kuna jioni laptopu inafunguliwa kwa siri, na kuna safari ya tatu huwa inachomoza. Lakini sasa tunajua tunagombana kuhusu nini.

Mnara wa lile bonde ulijengwa. Ulipowashwa mwaka 2020 nilirudi kuupima. Nikasimama pale pale gari lilipokuwa limenasa. Mistari minne. Kwa kawaida namba ya kwanza ya kujaribia ni ya ofisini, lakini ilikuwa saa 1 na nusu jioni. Nikapiga nyumbani, ikaita mara moja tu.

"Uko wapi?"

"Bondeni. Pale pale."

Akacheka, halafu Imani akamnyang'anya simu.

Na wewe msomaji, saa yenu ya msongamano nyumbani ni ipi? Muulize mwenzako leo, maana unaweza kukuta ile unayoidhania wewe siyo yake. Ulizaneni kabla yule dada hajawajibia.